Picha za Kutisha na Jirani Yetu

Mzazi mmoja, baba wa watoto watano, ametuandikia barua yenye maneno machache na mazito. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, hutumikia Misa kila Jumapili asubuhi, na kila Jumamosi jioni huenda kutazama sinema katika banda la video lililo karibu na soko. Hapo kwanza palionyeshwa humo picha za vita na za ngumi. Sasa, asema baba huyo, ni mizimu, wachawi, wanyonya damu, majitu ya rangi ya kijani na watu warukao angani bila mabawa. Atuuliza: je, ni dhambi kutazama mambo hayo? Na kama si dhambi, je, yafaa?

Kumjibu kwamba ni dhambi kungekuwa rahisi. Kumjibu kwamba ni mchezo tu kungekuwa rahisi zaidi. Lakini sisi tu watazamaji wa sinema wa miaka mingi. Twazipenda, na kati ya zile tuzipendazo zimo zenye mizimu na mazimwi. Hatukuona vema, basi, kumjibu baba huyo tukiwa tumeketi mezani na kalamu. Tulikwenda katika banda la namna hiyo hiyo lililo katika mji wetu, tukalipa kiingilio, tukaketi kwenye benchi nyuma ya vijana.

Picha ya jioni hiyo ilitoka katika nchi nyingine ya Afrika, na juu ya sauti za wachezaji ilitiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama ilivyo desturi mabandani. Msimulizi mwenyewe alikuwa hodari, mcheshi, mwenye kutia chumvi palipopungua. Hadithi ilikuwa hivi. Kijana mmoja aandamwa na mikosi: kazi yampotea, gari lake lapinduka, mtoto wake augua ugonjwa usiojulikana. Kwa muda wa saa nzima twaonyeshwa kwamba yuko mtu amfanyiaye hayo yote, wala hatuonyeshwi ni nani. Kisha usiku mmoja mlango wafunguliwa, na asimamaye gizani ni shangazi wa baba yake, kikongwe mwenye macho mekundu na mkongojo mkononi. Banda zima lilipiga kelele. Mwishowe wanakijiji wamwendea kwa mienge, nyumba yake yateketezwa naye akiwa ndani, na saa ile ile mtoto apona na kijana aitwa kazini. Vijana walishangilia kama watu ambao timu yao imefunga bao. Msimulizi alicheka. Taa zikawashwa.

Tulitoka na uchungu ambao hatukuweza kuueleza mara moja. Haikuwa kwa sababu ya damu. Damu ile ilikuwa rangi, tena rangi hafifu. Wala haikuwa kwa sababu ya mizimu, kwa maana watoto wa Kiafrika wamelelewa kwa hadithi za mazimwi tangu zamani, wakazisikiliza wakitetemeka magotini pa bibi zao, wala hawakuharibika. Ilitupasa kukaa na jambo hili kwa siku kadhaa ndipo tukatambua kilichotuumiza. Picha ile ilitutia hofu, ambayo ni haki ya kila picha ya kutisha. Kisha ikaishika hofu yetu mkono, ikaipeleka mpaka mlangoni pa mwanamke mzee, ikatukabidhi mwenge.

Twadhani hapo ndipo lilipo swali la kweli. Watu wengi wazipimapo sinema za namna hii huhesabu mazimwi yake: yakiwa mengi, picha ni mbaya; yakiwa machache, ina nafuu. Kanisa lenyewe halikupima hivyo. Papa Pius XI, katika waraka wake Vigilanti Cura wa mwaka 1936, aliwasifu maaskofu wa Marekani kwa juhudi yao ya kupinga sinema chafu, na alionya kwa ukali juu ya nguvu ya picha katika roho za vijana. Ila aliyakataza maovu ya sinema, hakuikataza sinema. Pius XII aliandika tena mwaka 1957, akiziunganisha sinema, redio na televisheni katika waraka mmoja. Nao Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya Desemba 4, 1963, ulikiri kwamba kuonyeshwa kwa uovu kwaweza kumsaidia mwanadamu ajijue zaidi, mradi kufanywe kwa kuitii sheria ya maadili. Kisha mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya picha 45 zilizostahili kukumbukwa. Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kusikia kwamba miongoni mwa hizo 45 imo picha ya mnyonya damu.

Picha hiyo ni Nosferatu, iliyotengenezwa Ujerumani na F. W. Murnau mwaka 1922. Haina sauti. Mnyonya damu aitwaye Orlok asafiri kwa meli kutoka milima ya Transylvania mpaka mji mmoja wa Ujerumani, amelala katika sanduku la udongo, na panya wafuatana naye, na tauni yafuatana na panya. Watu wafa mji mzima. Majeneza yapita njiani kwa safu. Hapo wenyeji, wakiwa wamepagawa kwa hofu, watafuta mtu wa kumtwika msiba wao, wampata Knock, wakala wa majumba aliyerukwa na akili na kutoroka kifungoni. Wamkimbiza mitaani na mashambani, wamtupia mawe. Mtazamaji ajua wasilolijua wao: Knock si mtu mwema, lakini mwenye kuwaua si Knock. Nao wakiwa mbali wakimwinda mwendawazimu, mnyonya damu amekaa katika nyumba yake, tena hakuna amtafutaye. Aiokoaye nchi ni mwanamke mmoja, Ellen, asiyemnyoshea mtu kidole. Ajitoa mwenyewe, amzuia yule mnyonya damu kando ya kitanda chake mpaka jogoo awike na jua limwangamize. Yeye naye afa.

Tazama, basi, jinsi picha hii ilivyoitumia hofu. Imetutisha kweli, maana hata sasa, baada ya miaka zaidi ya 100, kivuli cha Orlok kipandacho ngazi chaweza kumnyima mtu usingizi. Lakini imetuonyesha pia mbio za umati, na imetuonyesha kuwa mbio hizo ni upumbavu.

Hata hivyo si haki kuisifu bila kusema upande wa pili. Mgeni mwenye pua ndefu atokaye mashariki, afuataye na panya na maradhi: baadhi ya wachunguzi wameona katika sura hiyo mfano wa vikaragosi vilivyochorwa wakati huo kuwadhihaki Wayahudi. Hatusemi kwamba Murnau aliyakusudia hayo. Alifariki mwaka 1931, kabla Hitler hajatawala. Lakini mwaka 1940 serikali ya Hitler ilitoa picha yake yenyewe, Der ewige Jude, iliyodai kuwa habari za kweli, na humo walionyeshwa panya wakifurika, kisha wakaonyeshwa Wayahudi, na mtazamaji akaambiwa kwamba hao na hao ni mamoja. Hapakuwa na zimwi wala mzimu katika picha hiyo. Ilikuwa na nyuso za watu halisi, wenye majina na watoto, na mauaji yaliyofuata dunia nzima yajua. Nasi wa Afrika Mashariki tusiyatazame hayo kama mambo ya Ulaya, kwa maana mwaka 1994 nchini Rwanda, nchi ya Wakristo wengi, redio iliwaita majirani inyenzi, yaani mende.

Tuseme habari za picha nyingine, kwa kuwa ina fundisho kwa sisi tupendao kuwakinga watoto kwa mkasi. Mwaka 1931 James Whale alitengeneza Frankenstein huko Marekani. Mtaalamu mmoja aunganisha viungo vya maiti, awasha uhai ndani yake, kisha akiacha kiumbe alichokifanya. Kiumbe hicho, kilichochezwa na Boris Karloff, hakina jina. Siku moja chamkuta mtoto wa kike kando ya ziwa. Mtoto hamwogopi, amgawia maua, naye amfundisha mchezo wa kuyatupa majini yaelee. Maua yakiisha, kiumbe kile, ambacho hakuna aliyekifundisha neno lolote la dunia, chadhani mtoto naye ataelea. Chamtupa. Mtoto afa maji, nacho chakimbia kikihangaika, hakijui kilichotendeka.

Wakaguzi wa wakati ule waliona kwamba jambo hilo ni zito mno, wakalikata. Walilikata pale kiumbe kinaponyosha mikono yake kumwelekea mtoto. Baadaye baba yake aonekana amebeba maiti mikononi, apita katikati ya arusi. Watazamaji wa miaka mingi, wasioonyeshwa yaliyotokea katikati, waliwaza mabaya kuliko yale yaliyotokea. Mkasi uliotiwa ili kulinda maadili ulimgeuza mjinga mwenye huruma kuwa mnyama mchafu, na vipande vile havikurudishwa mpaka miaka ya 1980. Hatulaumu nia yao. Twasema tu kwamba walipunguza kifo kidogo, wakaondoa huruma yote, na kwa hesabu yetu hiyo ni biashara ya hasara. Mwisho wa picha hiyo nao ni umati wenye mienge, na kinu cha upepo kiteketezwacho kiumbe kikiwa ndani chalia. Ni mienge ile ile tuliyoiona bandani. Tofauti ni kwamba Whale atuweka ndani ya kinu.

Kwetu nyumbani neno hili la mienge si hadithi. Wazee wetu walitishwa na habari za mumiani, mnyonya damu wa enzi za ukoloni, na watu wengi wasio na hatia walikimbiwa au kupigwa kwa kushukiwa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa Unguja na umati uliomdhania kuwa ndiye. Aliyetafutwa alikuwa zimwi. Aliyekufa alikuwa mgonjwa. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi wa kwanza ni macho mekundu, macho ya mtu aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kwa mavi makavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Moshi wa chakula chetu ndio umekuwa shitaka lao. Ndugu zetu wenye ualbino nao, hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, wamewindwa na kukatwa viungo na watu walioaminishwa kwamba utajiri hupatikana hivyo.

Msomaji atasema: watu waliwaua vikongwe kabla sinema haijafika, na Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ni ya mwaka 1928. Ni kweli. Sinema haikuizaa hofu hii, iliikuta. Lakini mkulima akutaye magugu shambani ana hiari mbili, kuyang'oa au kuyatilia mbolea, na mwenye kuyatilia mbolea hawezi kujitetea ati hakuyapanda.

Msomaji mwingine, mwenye dini zaidi, atasema: Kanisa lenyewe lasadiki kwamba Shetani yupo, na Katekisimu yakataza uchawi na uganga, basi picha ionyeshayo uchawi ukishindwa yakosa nini? Twamjibu kwamba twasadiki hayo yote, na kwa sababu hiyo hiyo twaiogopa picha ile. Jina Shetani katika Kiebrania lina maana ya mshitaki. Kazi yake ya kale ni kushitaki. Picha imfundishayo kijana kutazama ukoo wake na kujiuliza ni nani kati yao aliyemroga yafanya kazi ya nani? Msalaba ukionyeshwa mwishoni, na mhubiri akipaza sauti, hayo hayaibadili kazi iliyokwisha kufanyika kwa saa nzima.

Nasi Wakatoliki tuna sababu ya kunyenyekea katika jambo hili, kwa kuwa Ulaya ya Kikristo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, iliwaua watu makumi ya maelfu kwa shitaka la uchawi, wengi wao wanawake. Mjesuiti mmoja wa Ujerumani, Padre Friedrich Spee, aliyewaungamisha waliohukumiwa, alitoa kitabu mwaka 1631 bila kuandika jina lake, akaonyesha kwamba kwa mateso yale mtu yeyote angekiri lolote, na kwamba mahakama zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwazaa wachawi. Alikufa mwaka 1635 katika mji wa Trier kwa tauni aliyoipata akiwauguza askari. Twatamani siku moja mtengeneza sinema wa Kiswahili atengeneze picha ya kutisha juu ya padre huyo, au juu ya mtu wa mfano wake aliyesimama mlangoni pa kikongwe mmoja wa Shinyanga. Ingetisha kuliko mizimu yote.

Haina maana kwamba picha za Kiafrika za uchawi zote ni sawa na ile ya bandani. Living in Bondage, iliyotolewa Naijeria mwaka 1992 katika lugha ya Kiigbo, ndiyo iliyofungua njia kwa biashara kubwa ya sinema za nchi hiyo, nayo ni hadithi ya kafara: mwanamume mwenye tamaa aingia katika kundi la siri na amtoa mke wake, ampendaye, ili apate mali. Mali yaja. Kisha mzimu wa mke wamfuata, hata akarukwa na akili. Hapa hofu haikupelekwa kwa jirani. Imeelekezwa moyoni mwa mtu mwenyewe, kwa tamaa yake ya nyumba na gari, ambayo kila mtazamaji anayo kidogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumezoea kuisoma methali hiyo kama onyo juu ya ndugu na jamaa. Lakini nguo yako umeivaa wewe. Hata hivyo kuna shaka moja ambayo hatujaweza kuitua: picha hiyo yaadhibu kafara, lakini kwanza yaonyesha kwamba kafara yaleta fedha. Mtu mwenye njaa huweza kukumbuka nusu ya kwanza ya hadithi.

Juu ya The Exorcist, iliyotolewa mwaka 1973, twaulizwa mara kwa mara, nasi tutasema kwa ufupi. Si picha ya watoto, na kuna mambo ndani yake ambayo hata sisi hatukupenda kuyaona mara ya pili. Lakini aliyeiandika, William Peter Blatty, alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na Wajesuiti, na alijua jambo moja ambalo watengenezaji wengi wa picha za mapepo hawalijui: yule apagawaye ni mgonjwa wa kuokolewa, si adui wa kuchomwa. Mapadre wawili wafa kwa ajili ya mtoto wa watu wengine. Hakuna jirani anayeshitakiwa.

Tukija kwa mashujaa warukao angani, waliotoka katika vitabu vya katuni, hasira yetu ni ndogo na uchovu wetu ni mkubwa. Superman alizaliwa vitabuni mwaka 1938 kwa mikono ya vijana wawili, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, naye alikuwa mgeni aliyewatendea mema wenyeji. Wazo zuri, hasa kwa mwaka ule. Lakini picha za siku hizi zina desturi ya kumletea shujaa jeshi la viumbe wasio na nyuso, wauawe kwa maelfu bila mtu kuuliza walizaliwa na nani. Miji yaporomoka na hatuoni mazishi. Kifo chenyewe kimekuwa safari ya kwenda na kurudi. Katika picha ya Avengers ya mwaka 2018 jitu Thanos laua nusu ya viumbe hai vyote kwa kubana vidole, ati waliosalia washibe; kwa ajili ya uwezo huo lilimtoa kwanza binti yake lililempenda. Hiyo ni kafara, ile ile ya picha ya Naijeria, na kwa kitambo kidogo tuliketi wima. Upande wa pili shujaa mmoja akataa kuinunua salama ya wengi kwa uhai wa mwenzake mmoja. Swali la kweli la maadili lilikuwa limewekwa mezani. Kisha katika picha iliyofuata, ya mwaka 2019, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 ulimwenguni, waliokufa wakarudishwa, na jitu pamoja na jeshi lake likageuzwa vumbi kwa kubana vidole vile vile. Swali halikujibiwa, lilipigwa ngumi.

Black Panther ya mwaka 2018 twaiweka kando ya hizo, ingawa nayo ina kelele zake, na si kwa kuwa yumo Mkenya Lupita Nyong'o, ambaye fahari yetu juu yake haifichiki. Adui katika picha hiyo ni binamu wa mfalme, mtoto aliyeachwa yatima na ukoo wenyewe na kufichwa habari yake. Mfalme ampigana, amjeruhi, kisha ambeba akaione jua ikitua katika nchi ya baba yake, na ajitolea kumponya. Binamu akataa. Lakini aliombwa. Katika picha za aina hii ni mara chache adui huombwa apone.

Na kama tungelazimishwa kumpa yule baba picha moja tu ya mazimwi kwa nyumba yake, tungempa zile tatu za The Lord of the Rings, za mwaka 2001, 2002 na 2003, zilizotoka katika kitabu cha J. R. R. Tolkien, Mkatoliki aliyekisema kitabu chake mwenyewe kuwa ni kazi ya kikatoliki. Si kwa kuwa hazina dosari. Zina maelfu ya majitu yauawayo kama kumbikumbi, na mashujaa wawili washindana kwa kuhesabu waliowaua, jambo ambalo hatujapata kulicheka. Tolkien mwenyewe katika uzee wake alisumbuliwa na swali kama viumbe hao kweli hawawezi kuokolewa. Twazipenda kwa ajili ya Gollum. Huyo ni kiumbe mdogo, mwongo, mwuaji, aliyeliwa na tamaa ya pete moja mpaka mwili wake umebaki mifupa. Kila mwenye busara ya kawaida angemwua. Wamhurumia mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Frodo, aliyetumwa kuiangamiza pete, afika mpaka ukingo wa moto, na hapo ashindwa: aivaa. Nia yake njema yote imekwisha. Pete yaingia motoni kwa sababu Gollum, yule aliyehurumiwa, yupo hapo kuinyang'anya. Bila ile huruma iliyoonekana upumbavu, dunia ingepotea. Katika kitabu Gollum ateleza mwenyewe akicheza kwa furaha. Katika sinema Frodo amrukia wakashindania pete hata wakaanguka pamoja, na sisi twadhani kitabu kilisema vizuri zaidi, kwa maana hapo hapakuwa na nafasi ya mkono wa Frodo kujivunia. Lakini hata katika sinema fundisho halikufa.

Basi twamwambia baba aliyetuandikia: asimfungie mwanawe ndani. Mtoto aliyefungiwa Jumamosi ataona picha ile ile Jumatatu katika simu ya mwenzake, peke yake, gizani. Aende akaketi naye benchini, hata kama ataona haya mbele ya vijana. Wakirudi njiani asimwulize kama aliogopa, kwa kuwa atasema hakuogopa. Amwulize alimwogopa nani.

Jambo moja hatukulisema hapo juu. Tulipotoka bandani jioni ile, mlangoni palikuwa na mwanamke mzee auzaye karanga kwa taa ya chemli, naye macho yake yalikuwa mekundu. Vijana walimzunguka kununua. Mmoja wao, akimwiga yule wa kwenye picha, alirudi nyuma akajifunika uso kwa mikono, akapiga kelele ya uoga, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Bibi hakuwa ameiona picha. Alicheka pamoja nao, akaendelea kuwahesabia chenji.